Ushuru wa Sauti na Mnara wa Kijijini

Miongoni mwa amri zilizogeuza maisha ya raia wa Tanzania katika karne hii, iko moja ambayo haikupigiwa ngoma wala kuandikwa mabangoni, na ambayo aghalabu ya wale iliyowafaa hawajapata kuisikia. Nayo ni amri ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2013, ikakishusha kima ambacho kampuni moja ya simu huilipa nyingine kwa kila dakika ya maongezi inayovuka kutoka mtandao huu kwenda ule, kutoka shilingi 112 hadi shilingi 34 na senti 92. Wauza vocha hawakuiona, kwa kuwa si bei iliyoandikwa dukani. Wateja hawakuiona, kwa kuwa haikatwi katika salio la mtu. Lakini wakuu wa kampuni, wakubwa kwa wadogo, waliisoma kwa macho mawili, maana ilikuwa ikiamua nani kati yao atanenepa na nani atakonda.

Ili uzito wa jambo hili udhihirike, na tumfikirie mfugaji wa Balangdalalu, katika Wilaya ya Hanang, mwenye ng'ombe anaotaka kuwapeleka mnadani, ambaye kabla ya kuwatoa zizini ataka kujua bei imesimamaje Katesh, na kama mnunuzi aliyeahidi kutoka Babati yumo njiani au amepata udhuru. Laini ya mfugaji ni ya mtandao mmoja, ya mnunuzi ni ya mwingine. Apigapo, sauti yake husafiri katika mitambo ya kampuni yake hadi mpakani, ikafika mlangoni pa kampuni ya pili, na mlango huo haufunguliwi bure: bawabu huhesabu dakika, na mwisho wa mwezi hupeleka hati ya madai. Huo ndio ushuru wa sauti, ambao watu wa kazi hiyo huuita ada ya mwingiliano. Na yeye alipaye si mfugaji moja kwa moja, bali kampuni yake, ambayo bila shaka huutia ushuru huo ndani ya bei inayomtoza.

Sasa kampuni yenye wateja wengi, simu zake nyingi hazifiki mpakani kabisa, kwa sababu apigaye na apigiwaye wote ni wa nyumba moja. Kampuni iliyofungua mlango jana, yenye wateja wachache waliotawanyika, karibu kila simu ya mteja wake huvuka. Ushuru ukiwa shilingi 112, kampuni kongwe yaweza kuuza dakika ya ndani kwa bei rahisi mno na bado ikapata faida, ilhali kampuni changa, ikijaribu kuuza dakika ya kwenda kokote kwa, tuseme, shilingi 60, itatoa mfukoni mwake shilingi 52 kwa kila dakika iliyovuka, na hizo zitaingia katika hazina ya yule yule anayeshindana nayo. Atauliza mtu: je, kampuni kongwe nayo hailipi, wateja wake wapigapo kwa wale wa kampuni changa? Hulipa, lakini mteja wake akishajua kuwa kupiga nje ni ghali na kupiga ndani ni rahisi, hupiga ndani, na anayetaka kupigiwa hulazimika kuwamo ndani. Basi kijana anunuaye simu ya kwanza haulizi mtandao upi ni bora. Huuliza wenzake wako wapi. Kwa njia hiyo ukubwa hujizalia ukubwa, pasipo hila wala uovu wa mtu yeyote, na kampuni changa hufa ikiwa na mitambo mizuri na bei ya insafu.

Watu wetu walipata dawa yao wenyewe. Walinunua laini za kila mtandao, wakazibadilisha kwa ukucha na pini, wakatembea na simu mbili, kisha wakaletewa simu za laini mbili, na wenye ndugu wengi laini tatu. Wakabipu ili mwenye salio apige. Wataalamu huzihesabu laini hizo na kuona idadi yake inakaribia au kuipita idadi ya watu, wakasema nchi imeendelea. Mimi nadhani sehemu kubwa ya laini hizo zilikuwa ni vyeti vya adhabu: kila laini ya ziada ilikuwa ni ushuru wa 112 aliokataa kuulipa raia, akaukwepa kwa pini.

Haikuwa hivi daima, kwa sababu zamani haikuwapo kampuni changa ya kuonewa. Wazee wa Mbulu na Hanang waliijua Posta na Simu, kwanza ile ya Afrika Mashariki, kisha, Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ile ya Tanzania peke yake. Na kupata simu ya waya nyumbani kulikuwa ni heshima ya watu wachache, wakuu wa ofisi na wafanyabiashara wa mijini, walioisubiri kwa miaka. Sheria ya 1993 ndiyo iliyoligawa shirika hilo na kuanzisha Tume ya Mawasiliano; mwaka uliofuata ikaja Mobitel, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, baadaye Tritel ambayo haikudumu, Zantel kutoka Unguja mwaka 1999, na Vodacom mwezi Agosti 2000. Majina tangu hapo yamegeuka kiasi kwamba mtu aliyelala miaka 20 akaamka leo angedhani amehamia nchi nyingine: Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, na tangu Novemba 2024 ni Yas, Celtel ikawa Zain, ikawa Airtel.

Katika habari hizo pana fundisho ambalo halisemwi mara nyingi. Serikali ilipouza asilimia 35 ya TTCL mwaka 2001 kwa ushirika wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, iliipa kampuni hiyo haki ya pekee ya simu za waya hadi mwaka 2005, kwa nia njema ya kuipa muda wa kujijenga kabla ya kukutana na washindani. Lakini ulinzi huo uliwekwa kwenye mlango ambao hakuna mtu aliyetaka kupita. Wateja walikuwa tayari wamekwisha kuingia kwa dirisha la simu za mkononi. Celtel, iliyozaliwa ndani ya nyumba ya TTCL yenyewe mwaka 2001, ilitenganishwa nayo mwaka 2005 na kwenda na bahati yake, na mama akabaki na nyaya. Serikali ilipozirudisha hisa zote mikononi mwake mwaka 2016, kampuni iliyokuwa kongwe kuliko zote kwa umri ilikuwa miongoni mwa zilizo ndogo kabisa kwa wateja. Ndipo nisemapo kwamba, katika biashara hii, ukongwe si umri wala si muhuri wa serikali. Ukongwe ni kuwa na watu ambao wengine wanataka kuwapigia.

TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilielewa jambo hilo mapema kuliko wengi wanavyoisifu. Leseni zilizopangwa upya mwaka 2005 ziliacha kuuliza kama mtu anatumia waya au mawimbi, zikauliza tu kama anajenga miundombinu, anaendesha mtandao, au anauza huduma juu yake. Kisha ikaanza kazi ya kuushusha ushuru wa sauti ngazi kwa ngazi: baada ya kile kishindo cha 2013, kima kiliteremka pole pole hadi shilingi 26 na senti 96 mwaka 2017, na mwaka 2018 kikaporomoka tena hadi shilingi 15 na senti 60, kikifuata ratiba iliyotangazwa mapema ya kufikia shilingi 10.40, kisha 5.20, kisha 2.60, na hatimaye shilingi 2 tu mwaka 2022. Kutoka 112 hadi 2 katika muda usiotimia miaka 10! Leo mtu hununua kifurushi cha mitandao yote pasipo kufikiri, na kijana wa Katesh ukimweleza kwamba palikuwa na zama ambapo tuliuliza kwanza, "Namba yako ni ya mtandao gani?" kabla ya kupiga, hukutazama kama unamsimulia habari za ushuru wa kichwa.

Yafaa kutazama kwa jirani ili tujue kwamba mambo hayakuwa lazima yaende hivyo. Kenya ilianza kabla yetu na kwa ushujaa zaidi: mwaka 2010 mdhibiti wake aliikata ada kutoka shilingi 4.42 za huko hadi 2.21, na Zain ikashusha bei ya kupiga kokote hadi shilingi 3, vita vikawaka, na wateja wakafurahi. Lakini mwaka uliofuata, Safaricom ilipolalamika kwamba vita hivyo vinaiumiza sekta, serikali iliisimamisha ngazi iliyokuwa imebaki, na washindani wa Safaricom hawakuipata tena nafasi ile. Si kwamba Safaricom haikustahili wateja wake. Ilijenga, tena ilijenga vizuri, na M-Pesa yake ni kazi ya akili. Ila dalili ni kwamba mwaka mmoja wa kusitasita, ukija katika saa ambayo wateja walikuwa wakichagua, unaweza kuwa na uzito kuliko miaka 10 ya taarifa na mapendekezo yaliyofuata. Kwetu kampuni ya kwanza kwa wateja, Vodacom, ina takriban theluthi moja ya soko, nyingine zikiifuata kwa karibu. Kwa wenzetu, moja peke yake ina wengi kuliko nyingine zote kwa pamoja.

Na msomaji asidhani kwamba kampuni hizi zina itikadi. Airtel nchini Kenya, ikiwa ndogo, imekuwa mtetezi mkubwa wa kuishusha ada ya mwingiliano, ikiieleza kuwa ni dhuluma kwa wateja. Airtel hiyo hiyo kwao India, ikiwa kongwe, iliipinga vikali amri ya mdhibiti wa huko alipoishusha ada kutoka paisa 14 hadi 6 mwezi Oktoba 2017, kwa kuwa aliyenufaika ni Jio, kampuni changa iliyoingia sokoni mwaka mmoja kabla ya amri hiyo. Sitaji haya kwa kuwacheka. Kila mfanyabiashara ana haki ya kutetea maslahi yake. Nayataja ili anayeandika kanuni asipokee hoja ya kampuni yoyote pasipo kuuliza kwanza kiti inachokikalia siku hiyo.

Ushuru wa sauti ulipokwisha kufa, ukongwe ulihamia mahali pengine. Tarehe 1 Machi 2017 TCRA iliruhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba, na wengi walitazamia watu wahame kama nyumbu wa Serengeti. Hawakuhama hivyo. Namba huhama, lakini fedha za simu hazihami nayo: akiba, mikopo, na lile jina jema ambalo mtu amejijengea kwa kulipa madeni madogo kwa wakati, vyote hubaki kwa kampuni ya zamani, na wakala aliye karibu na nyumba ni wakala wa yule mwenye wateja wengi. Katika fedha hizo lakini Tanzania ilipata bahati njema. M-Pesa ya Vodacom ilianza hapa Aprili 2008, Tigo Pesa ikafuata mwaka 2010, Airtel Money na Ezypesa nazo zikawapo, na kwa kuwa hakuna iliyokuwa na nguvu ya kuwameza wenzake, Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana mwaka 2014 kupokeana fedha, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Haikuwa amri, yalikuwa makubaliano ya watu waliojua kwamba hakuna kati yao atakayeshinda peke yake. Maana yake ni kwamba mdhibiti aliyeulinda usawa katika ada ya sauti alizaa, bila kukusudia, usawa katika fedha.

Si kila amri imekuwa na busara hiyo. Kufuatia malalamiko ya wateja juu ya vifurushi, iliwekwa bei ya uniti ya data isiyopungua shilingi 2.03 wala kuzidi 9.35 kwa MB moja. Dari ya bei naielewa, inamlinda mnyonge. Sakafu yanitatiza. Silaha pekee ya kampuni changa ni urahisi wa bei, na ukiiwekea sakafu umemnyang'anya panga kijana aliyeingia msituni huku mwenye shoka ukimwacha na shoka lake. Wenye kuitetea husema kwamba bila sakafu tajiri atauza kwa hasara hadi maskini afe, kisha apandishe bei. Hoja hiyo si ya kudharau, maana imewahi kutokea ulimwenguni. Lakini dawa ya kosa hilo ni kumshitaki mwenye kulitenda, mbele ya Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani. Tarehe 2 Aprili 2021, vifurushi vipya vilipoanza na watu wakaona MB zao zimesinyaa usiku mmoja, kelele zilipanda hadi serikali ikavisimamisha mara moja. Raia ambao hawakuijua amri ya 2013 waliijua hii kabla ya chai ya asubuhi.

Fauka ya hayo, serikali yenyewe ni mchezaji. TTCL ni yake yote, na ndiyo iliyokabidhiwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao washindani wake hukodi nafasi ndani yake. Katika Airtel, tangu makubaliano ya 2019, ina asilimia 49. Sina ushahidi wa upendeleo, wala sitaki kuubuni. Nasema tu kwamba hakimu mwenye hisa katika shauri hutazamwa mikono kila anapoitia kalamu wino, na afadhali kwake mwenyewe hukumu zake zitolewe na hesabu zake wazi, kama ratiba ile ya 2018 ilivyotolewa.

Sasa nirudi Hanang, kwa kuwa huko ndiko swali limebadilika sura. Halotel, ya Viettel ya Vietnam, ilipoingia sokoni Oktoba 2015 ikiwa ya mwisho kati ya kampuni kubwa, haikuanzia Kariakoo peke yake. Iliahidiana na serikali kupeleka huduma katika vijiji kwa maelfu ambavyo waliotangulia walikuwa wameviona havina tijara. Tokeo lake ni la ajabu: kampuni changa ya mjini ikawa ndiyo kongwe ya kijijini, kwa sababu pale penye mnara mmoja, mwenye mnara ndiye sultani, hata angekuwa mdogo kuliko wote Dar es Salaam. Katika uwanda wa Wabarbaig na mashamba ya Wairaqw, ambapo nyumba huachana kwa masafa na mnara hutakiwa uhudumie watu wachache waliotapakaa, hesabu ya mnara wa pili aghalabu haikubali. Unafuu wa ada ya mwingiliano haumfai kitu mtu ambaye laini yake haishiki. Wala haki ya kuhama na namba haimfai ambaye hana pa kuhamia.

Serikali imelijua hilo, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na kampuni zenyewe, umetoa ruzuku ili minara ijengwe. Mwezi Mei 2023, mjini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713: Tigo 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini kila mnara uliojengwa kwa fedha ya umma na kushika laini za kampuni moja tu ni ukiritimba mdogo uliowekwa na dola yenyewe, kata kwa kata, baada ya dola hiyo hiyo kutumia miaka mingi kuuvunja ukiritimba mkubwa. Kukodishana nguzo kunakofanywa na kampuni za minara kama Helios hakutoshi kwa nchi ya watu wachache, kwa kuwa mpangaji wa pili bado atatakiwa kuleta mitambo yake na kuilipia umeme. Kinachotakiwa ni laini ya kampuni moja kukubaliwa kupita katika mitambo ya nyingine.

Wako watakaosema jambo hilo ni gumu kwa ufundi. Si gumu. Mgeni kutoka Muscat ashukapo na laini ya Oman, simu yake huchagua mnara wowote ambao una mapatano na kampuni ya kwao; atembeapo hadi Hanang, ukikosekana mmoja hudaka mwingine. Raia wa Balangdalalu, aliyesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, aghalabu hana fadhila hiyo katika ardhi yake. Hata simu yake yenyewe inajua njia: pasipo mtandao wake, huandika kwamba ni simu za dharura tu, maana namba 112 hupokewa na mnara wowote uliopo. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, kila mwenye jamaa huko, awe Mbulu au Mwanza, alitaka kujua jambo moja; na mtu wa kumwambia nduguye kwamba yu hai hapigi 112, hupiga namba ya nduguye.

Mjenzi naye ana haki yake. Aliyetangulia kuchimba msingi na kubeba jenereta hawezi kuambiwa awafungulie wote siku ya pili, la sivyo hakuna atakayekubali kutangulia. Apewe muda wa kuvuna peke yake, miaka miwili au mitatu, kwa kadiri ruzuku ilivyokuwa ndogo au kubwa, na alipojengewa karibu yote kwa fedha ya Mfuko, muda huo uwe mfupi sana. Baada ya hapo mnara ushike laini zote, kwa ada ya dakika na ya MB itakayopangwa na TCRA kwa gharama halisi, kwa mizani ile ile iliyoifikisha ada ya mwingiliano shilingi 2, na ratiba yake itangazwe kabla, ili kampuni changa inayotaka kuuza laini Balangdalalu iweze kupiga hesabu pasipo kujenga hata nguzo moja. Mkataba wa mnara unaofuata wa Mfuko ndio mahali pa kuliandika sharti hilo.